Vitu Vilazwavyo Kati ya Kurasa: Usomaji wa Jioni na Kiswahili cha Lobule

Wahakiki wetu wamezoea kukiuliza kitabu maswali mawili: mwandishi asema nini, naye asemaje. Ndiyo maudhui na fani, na kila mwalimu aliyewahi kusahihisha karatasi za mtihani wa fasihi ayajua maswali hayo kama ajuavyo majina ya wanawe. Swali la tatu limebaki yatima. Msomaji alifika wapi, akasimama, akalaza kitu kati ya kurasa, akafunga? Makala haya yanalichukua swali hilo na kulipeleka mahali ambapo wengi wa wasomaji wetu hawajafika: gombolola la Lobule, katika Wilaya ya Koboko, pembe ya kaskazini-magharibi ya Uganda, si mbali na mpaka wa Kongo.

Kwanza tutenganishe mambo. Vitu vilazwavyo kitabuni ni vya namna mbili. Kipo kialamisho, yaani kile kimwonyeshacho msomaji mahali alipokoma: unyasi, uzi, kipande cha gazeti, jani la mwembe lililokauka. Hicho ni mtumishi wa kitabu, na kazi yake ikiisha hutupwa. Tena ipo kumbukumbu: picha, barua, risiti ya karo, cheti cha ubatizo, karatasi yenye tarehe za kuzaliwa watoto. Hapo kitabu ndicho kinachogeuka mtumishi, kwa kuwa kimefanywa kasha. Mara nyingine kitu kimoja hufanya kazi zote mbili. Aliyelaza barua ya mamaye kwenye Zaburi aipendayo amehifadhi barua, na papo hapo amesema jambo juu ya Zaburi ile. Hakuandika insha ya uhakiki, lakini amehakiki.

Kwa nini Lobule? Kwa sababu huko Kiswahili kina historia ambayo walimu wa pwani na wa Tanzania bara hawaijui vyema, na historia hiyo yaupa usomaji wa jioni uzito wa pekee. Wenyeji wengi wa Koboko ni Wakakwa, watu waliogawanywa na mipaka ya nchi tatu: Uganda, Kongo na Sudani Kusini. Majirani wao upande wa Arua ni Walugbara. Eneo zima la West Nile lilipitia mikono mingi. Lilikuwamo katika Lado, nchi aliyokodishwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji mpaka alipofariki mwaka 1909. Kisha likarudi chini ya Sudani. Mwaka 1914 likatiwa Uganda. Katika kupokezanwa huko Kiswahili hakikuingia na mashairi. Kiliingia na buti. Vijana wengi wa West Nile waliandikishwa katika King's African Rifles, jeshi ambalo lugha yake ya amri ilikuwa Kiswahili, kile kilichopewa jina la Kikeya kutokana na herufi za jeshi lenyewe. Kiswahili cha gwaride ni kifupi, chasemwa kwa sauti ya juu, na neno "tafadhali" halimo.

Yaliyofuata hayakuisafisha sifa hiyo. Mwaka 1952 Kiswahili kiliondolewa katika lugha zilizotambuliwa kwa ajili ya shule za Uganda, polisi wakabaki nacho. Mwaka 1973 Idi Amin, ambaye ukoo wake watokana na Wakakwa wa Koboko, alikitangaza kuwa lugha ya taifa; nayo ilikuwa amri. Mwaka 1979 majeshi ya Tanzania, pamoja na wapiganaji wa Uganda waliomwondoa, yalifika West Nile nayo yakisema Kiswahili. Mwaka 1980 vita viliporudi, watu kwa maelfu na maelfu walikimbilia Zaire na Sudani. Basi mtoto wa miaka ile alikisikia Kiswahili vinywani mwa nani? Mwa askari wa kila upande, na mwa wachuuzi wa sokoni. Kiswahili cha sokoni ni cha amani zaidi, lakini nacho ni cha haraka: bei, kipimo, chenji, kwaheri.

Nayakumbusha haya kwa kuwa Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kuagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Wengi wetu tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Walakini neno "lazima" likisemwa Koboko husikika kwa masikio mengine kuliko likisemwa Dodoma. Ni mara nyingine tena lugha hii inafika kwa agizo kutoka juu. Rai yangu ni kwamba Kiswahili cha West Nile kimekosa sauti ya chini, yaani sauti ya mtu anayezungumza na nafsi yake au na mwanawe karibu na kulala, na kwamba sauti hiyo hupatikana kwa kitabu cha jioni kabla haijapatikana darasani.

Natutazame usomaji huo ulivyo. Katika nyumba ya kijijini taa ndiyo mpangaji wa fasihi. Kibatari, ambacho Waganda wengi hukiita tadooba, hutoa nuru ya kutosha ukurasa mmoja na uso wa msomaji. Kilichobaki ni moshi. Mafuta ya taa hununuliwa kwa kipimo kidogo. Taa za sola zimepunguza moshi, ila betri ndogo nayo ina mwisho wake, na simu ya baba yataka kuchajiwa hapo hapo. Kwa hiyo nuru ni ya watu wote. Asomaye husoma kwa sauti ili nuru ile iwafae na wengine, lakini husoma kwa sauti ndogo kwa kuwa mtoto mchanga amelala. Baina ya usomaji wa kimya na usomaji wa kadamnasi kuna usomaji huu wa tatu, wa kunong'ona, ambao vitabu vyetu vya mbinu za kufundishia havina hata jina lake.

Usomaji wa namna hiyo huwa mfupi. Ni ukurasa mmoja, labda miwili, kisha taa yahamishwa jikoni. Ndipo kialamisho kinapokuwa jambo la maana, kwa sababu hadithi hukatwa na mafuta ya taa bila kujali mahali mwandishi alipopenda ikatike. Mwenye kuandika riwaya ya sura ndefu, zenye aya za kurasa mbili, amemwandikia mtu mwenye umeme. Hili si kosa, ila ni uchaguzi, na mhakiki yampasa auone kuwa ni uchaguzi. Waliotunga tenzi, kwa beti zao za mishororo minne mifupi, walimwachia msomaji mahali pa kupumzika kila baada ya pumzi mbili. Nao walionakili vitabu kwa mkono katika hati za Kiarabu huko pwani walikuwa na desturi ya kuandika chini ya ukurasa neno la kwanza la ukurasa unaofuata, ili karatasi zisizoshonwa zisipotee mpangilio. Kialamisho kilikuwa ndani ya maandishi yenyewe.

Katika nyumba moja ya Lobule, ya watu waliotoka Kongo (kwa maana Lobule tangu miaka ya 2010 ina makazi ya wakimbizi kutoka upande ule), nilionyeshwa Biblia ya Kiswahili ya tafsiri ya 1952, ile iitwayo Union Version, ambayo jalada lake lilikuwa limeshonwa upya kwa uzi wa gunia. Ilikuwa imejaa. Mlikuwamo karatasi za kuandikishwa, picha mbili za pasipoti, cheti cha chanjo ya mtoto, na jani la tumbaku, zao la miaka mingi la nchi ile, lililowekwa kufukuza wadudu. Nilitazama ni kurasa zipi. Karatasi zote za thamani zilikuwa katika kitabu cha Hesabu. Katika Ruthu mlikuwa na unyasi tu, na kingo za kurasa zake zilikuwa nyeusi kwa vidole.

Mwenye nyumba hakuona ajabu. Alieleza kwamba ukurasa unaofunguliwa kila siku huangusha vitu; karatasi ya serikali huwekwa mahali pasipofunguliwa. Hesabu ina orodha ndefu za watu na makabila, haisomwi jioni. Ruthu husomwa. Nami sina budi kusema kwamba katika maelezo hayo mafupi mlikuwa na uhakiki timamu kuliko ninaousoma katika miongozo mingi ya wanafunzi. Kumbukumbu hukaa pasiposomwa. Kialamisho hukaa panaposomwa. Kitabu kimoja kimekuwa sanduku upande mmoja na mwenzi upande wa pili, na mwenyewe ajua mpaka ulipo. Tena hadithi aliyoichagua, ya mwanamke aliyeacha nchi yake akamfuata mkwewe ugenini, haikuhitaji mtu wa kumfasiria dhamira.

Hapa mtu aweza kupinga, na upinzani wake una nguvu. Atasema kwamba vitu vilivyolazwa kitabuni havithibitishi kusoma. Pengine vyathibitisha kinyume chake, kuwa kitabu kimekuwa kizito cha kunyoshea karatasi. Ni kweli. Nimeona kamusi nene zilizofanya kazi hiyo kwa miaka bila kuulizwa neno moja. Lakini hoja yangu haisimami juu ya wingi wa vitu. Yasimama juu ya mahali pake. Kitabu kisichosomwa hubeba vitu vyake popote, mradi kimefungwa. Kilichosomwa kina sehemu za kupita na sehemu za kukaa, kama nyumba, na mwenye macho ataziona.

Tukivuka kutoka nyumbani kwenda kwenye fasihi yenyewe, twaona kwamba waandishi wetu wakubwa walilijua jambo hili la karatasi iliyowekwa. Mwana Kupona binti Mshamu, alipomtungia binti yake utenzi mwaka 1858, alimwita akae karibu na kuleta wino na karatasi, kisha akayalinganisha maneno yake na hirizi ya kufungwa kwa uzi. Wahakiki wa siku hizi wamegombana sana juu ya mafundisho ya utenzi ule kuhusu mke na mume, na ugomvi huo una haki yake. Lakini sura yenyewe ya kitu, karatasi ambayo mama mgonjwa amwachia bintiye aivae au aiweke, imepewa nafasi ndogo mno. Shaaban Robert aliifuata njia hiyo alipomwandikia bintiye Utenzi wa Hati na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Neno "hati" katika jina lile si pambo: ni karatasi ya kutunzwa.

Tena kuna kitabu ambacho kisingekuwapo lau mtu mmoja asingalitunza karatasi. Barua ambazo Shaaban Robert alimwandikia nduguye Yusuf Ulenge, kuanzia mwaka 1931 hata 1958, zilichapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 2002. Ni miaka 27 ya barua, tangu mwandishi alipokuwa karani wa forodha, kupitia kuhamishwa huku na huku, mpaka jina lake lilipokwisha enea. Yumo Shaaban Robert asiyeonekana katika Kusadikika wala katika Adili na Nduguze: aliyeshughulika na habari za jamaa, za kazi na za miswada yake. Naithubutu hukumu hii: kwa mwanafunzi wa Koboko barua hizo ni mlango mzuri zaidi wa kumwingilia Shaaban Robert kuliko Kusadikika. Kusadikika ni hotuba, na hotuba humfikia mtu kwa sauti ya jukwaani, sauti ambayo West Nile imeisikia ikashiba. Barua ni ya kunong'onwa. Ina mwanzo na mwisho wake ndani ya nuru ya kibatari kimoja. Nayo yamfundisha mwanafunzi jambo ambalo hakuna kitabu cha sarufi kilichomfundisha, kwamba Kiswahili chaweza kumwuliza mtu hali yake na kungoja jibu.

Upande wa pili wa shilingi umo katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971 na kukatazwa shuleni kwa muda. Rosa, msichana wa Ukerewe, apata barua ya mvulana aitwaye Charles, barua yaangukia mikononi mwa babaye Zakaria, Rosa apigwa. Mwanafunzi hufundishwa kujibu kwamba tukio hilo laonyesha malezi mabaya, naye hupata alama zake. Jibu hilo si la uongo, ila ni la juu juu. Kinachovunjwa pale ni zaidi ya mwili wa msichana. Amefunzwa kwamba karatasi aliyoandikiwa yeye si yake, na kwamba kusoma peke yake ni hatia. Uhuru unapomjia baadaye, akiwa mbali na nyumbani, wamkuta hana mazoea ya kupima neno la mtu kimya kimya kabla ya kulifuata. Nadhani kisa kizima cha riwaya ile chaweza kusomwa kuanzia karatasi ile, na sioni kwa nini kisisomwe hivyo.

Nayasema haya kwa walimu kwa kuwa sisi tu akina Zakaria mara nyingi kuliko tupendavyo kukubali. Katika shule kadha wa kadha kitabu hurudishwa kabatini kengele ya jioni isijalia, kikahesabiwa, kikatikiswa ili kilichomo kianguke. Najua sababu zake. Vitabu ni vichache, mvua huvuja, na mwalimu mkuu ataulizwa. Lakini mchwa hawasomi daftari la hesabu, nao hula kabatini kama walavyo nyumbani. Na kitabu kisicholala nyumbani hakiwezi kusomwa jioni. Iwapo darasa lina nakala kumi, watano walale na vitabu leo na watano kesho, hasara itakuwa nakala moja au mbili kwa mwaka. Hiyo ni bei ndogo. Na vitabu vinaporudi, mwalimu asivitikise. Aulize tu ni ukurasa gani uliowekewa alama, na nani alikuwa akisikiliza.

Majibu atakayopata hayatakuwa ya Kiswahili sanifu, na hapo ndipo subira yahitajika. Jirani wa Kongo huchanganya Kiswahili na Kilingala au Kibangala. Mnubi wa Arua ana Kinubi chake chenye asili ya Kiarabu. Mtoto wa Kikakwa atakieleza kisa kwa lugha ya mama, kisha atakirudia kwa Kiswahili kilichopungukiwa na ngeli. Usomaji wa jioni huko ni tafsiri muda wote. Bibi huuliza "amesema nini?" kila sentensi ya tatu, na msomaji mwenye miaka kumi na miwili hulazimika kuamua Shaaban Robert amesema nini hasa. Mtihani gani wa ufahamu ulio mgumu kuliko huo?

Limebaki jambo la wachapaji. Pwani ilijua thamani ya ukurasa mtupu. Katika vitabu vya zamani vya Lamu hukuta maandishi ya wakfu, na katika misahafu na Biblia za jamaa nyingi za Afrika ya Mashariki hukuta tarehe za kuzaliwa na za kufa, zimeandikwa kwa mikono ya vizazi viwili vitatu. Vitabu vyetu vya Kiswahili vya leo havimwachii msomaji mahali hapo. Kingechapwa kitabu chembamba kwa ajili ya nyumba kama zile za Lobule, chenye barua na hadithi za kurasa mbili mbili, herufi kubwa za kusomeka kwa kibatari, uti ulioshonwa kwa uzi badala ya gundi, kingefaa kiwe na kurasa nne tupu mwishoni. Kwa sasa kurasa hizo hujazwa maswali ya zoezi, na baada ya maswali, orodha ya vitabu vingine vya mchapaji pamoja na bei zake.